Darubini ya Ngozi ya Kubadhi

Ibra, Jumamosi, baada ya alasiri

Rayya mwanangu,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya njia yako ya kesho. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha niliyokufundisha mwenyewe kusoma, ukiwa na miaka sita, kwa zile barua za bibi yako za kutoka Unguja. Tena wajomba zako hawaisomi. Wao watalisikia neno hili kesho asubuhi kinywani mwangu, na nataka wewe uwe umelisikia kabla yao.

Mmetoka na mama yako kwenda kuaga. Mmeniachia chupa ya maji, vidonge vyangu katika kile kisanduku chenye siku za wiki, na amri kwamba nisisimame peke yangu. Nimesimama. Nimekwenda mpaka chumba cha wageni, nimepiga magoti, nimelivuta sanduku la mbao lililo chini ya kitanda na kutoa kitu kilichofungwa ndani ya shuka kuukuu. Kurudi kitini kumenichukua karibu nusu saa. Kitu chenyewe kipo mezani mbele yangu.

Habari za soksi za sufu, nyama ya halali na namba ya simu ya yule mwanamke wa Kimombasa anayekaa Glasgow, mama yako amekwisha kukueleza, na atakueleza tena kiwanja cha ndege. Mimi uliniuliza swali moja tu, jana wakati wa chakula, na sikukujibu. Ulifikiri nimechoka, ukaniwekea mto mgongoni. Sikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa nimeshtuka, na mpaka saa hii mshtuko haujanitoka. Ukiona herufi zangu zinapanda na kushuka, usiyalaumu maradhi peke yake.

Nitakujibu swali lako kwanza, maana sijui pumzi itanifikisha wapi.

Ulinionyesha picha tatu kwenye simu. Ulisema huko msituni unakokwenda kufanya kazi kulungu wamezidi kwa kuwa hakuna tena mnyama wa kuwala, wanatafuna miche yote, na nyinyi walinzi wa msitu hamna budi kuwapunguza. Bunduki utapewa kazini, ila darubini ya juu yake ununue mwenyewe, na mshahara wa kwanza bado haujaingia. "Baba, wewe mwalimu wa fizikia," ukasema, "hebu nichagulie, na usinichagulie ya bei mbaya."

Ile ya kwanza, mpya, yenye taa nyekundu ndani na inayokuza mpaka mara ishirini na nne, iache. Najua ndiyo iliyokuvutia, kwa sababu kwa pesa ile ile unapata namba kubwa zaidi. Chukua upana wa kioo cha mbele uugawe kwa idadi ya kukuza. Jibu ndilo upana wa mwanga unaotoka nyuma na kuingia jichoni. Milimita arobaini gawa kwa ishirini na nne, hazifiki hata mbili, na mboni ya kijana kama wewe wakati wa magharibi hufunguka mara tatu ya hapo au zaidi. Kulungu hutoka alfajiri na magharibi. Utakuwa umenunua giza, umelikuza.

Ya pili si mbaya. Inakuza kuanzia mara tatu mpaka tisa, na ukiiacha kwenye tano itakutosha. Lakini mimi ningechukua ile ya tatu, iliyotumika, ya yule mzee aliyeacha kuwinda, inayokuza mara sita tu na haina cha kuzungusha. Kisichozunguka hakina pa kuharibikia. Itazame kwanza kwenye mwanga wa dirisha, uone kama kioo kina ukungu ndani. Ikiwa umewahi kuingia mara moja utaingia tena, na mvua ya huko, nasikia, haina msimu. Itikise karibu na sikio. Usisikie kitu.

Pesa utakayookoa usiirudishe mfukoni. Nunua pete nzuri, yaani zile pete za chuma zinazoishika darubini juu ya bunduki, na ziwe za kipimo cha darubini yako hasa. Halafu nunua darubini ndogo ya macho mawili ya kuning'iniza shingoni. Hiyo ya shingoni ndiyo ya kutazamia. Ya bunduki usitazamie kitu kamwe, maana popote inapotazama, mdomo wa bunduki nao unatazama hapo hapo. Ya bunduki inua pale tu unapokuwa umekwisha kujua kilicho mbele yako ni nini.

Basi, hilo ndilo jibu. Ningeweza kukupa jana kabla wali haujapoa. Nitakueleza kwa nini sikuweza.

Nilikuja huku Omani, hapa Ibra, kutoka Unguja nikiwa kijana mwenye vyeti na Kiarabu cha msikitini. Wavulana wa skuli walinielewa kwa sababu fizikia ina namba. Baba zao hawakunielewa. Kila siku ya pili ya Idi wanaume walikusanyika ukingoni mwa wadi, lile bonde la mto mkavu, wakaweka jiwe jeupe kwenye mlima wa upande wa pili, wakalipiga kwa bunduki za mababu zao, zile ndefu zenye alama mbili tu za chuma za kulengea. Miaka mingi nilipiga nami, na jiwe lilikaa pale pale. "Mwacheni," alisema mmoja, "Mzinjibari analenga kwao Zanzibar. Risasi itafika kesho." Mwingine akaniambia, "Mwalimu, hebu litupie chaki." Nilicheka pamoja nao. Nilikwishakuwa na mvi, mwalimu mkuu msaidizi, na kicheko kile nilikuwa nakwenda nacho nyumbani.

Mtu mmoja hakucheka. Hamed, dereva wa gari la maji, aliyekuwa akijaza matangi ya skuli. Hamed unayemjua wewe kwa jina lingine, na nitafika huko. Hakuwa amesoma, lakini kwa bunduki ya babu yake na macho matupu alikuwa akilipasua lile jiwe, kisha akitazama pembeni kama aliyefanya jambo la aibu. Alinichukua milimani siku za mapumziko akanifundisha kuvuta pumzi na kuiachia nusu. Nilimpenda kama ndugu. Pia nilimwonea kijicho, na hilo sikumwambia mtu mpaka leo.

Nikaona njia ya mkato. Nilikuwa na bunduki niliyoinunua kwa jirani. Mjini Sur, bandarini, nikampata mtu anayeuza vikorokoro vya melini, nyavu, taa, saa za ukutani, na katikati yao darubini ya bunduki. Ilikuwa na namba kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona. Hesabu ile ya kugawa niliyokueleza, niliifundisha darasani wiki ile ile, Rayya, ubaoni, kwa mkono huu. Nikamaliza pesa zote kwenye ile namba. Pete alizonipa zilikuwa pana, darubini ikicheza ndani yake, nami sikuwa na pesa ya nyingine. Nikachukua kiatu kimoja cha marehemu baba yangu, kubadhi kuukuu la ngozi nyekundu, nikakata vipande viwili vyembamba, nikaviviringisha na kukaza. Nilijiona fundi.

Hamed alipoiona akauliza, "Chupa hiyo ya nini, Mwalimu?"

"Ya kuonea mbali."

"Mbali kuna nini usichokiona?"

Ilikuwa Jumatano jioni. Siku zile mapumziko yetu yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Tulikwenda kwa pikapu ya Hamed, njia mbovu, mtikisiko saa nzima. Nilitaka kupiga swala. Kuwawinda kulikwisha kupigwa marufuku, sote tulijua, na Hamed alisema atanipeleka kuwatazama tu. Mimi nilichukua risasi. Tuliposimama juu ya wadi, nilipanda nyuma ya gari nikaegemeza bunduki juu ya paa lake na kuanza kutazama huku na huku kwa darubini. Sikuwa na nyingine ya kutazamia.

"Iteremshe hiyo chupa, utazame kwa macho yako," aliniambia. Kisha akachukua galoni la maji akaenda nyuma ya gari kutawadha, maana magharibi ilikuwa karibu.

Jua lilikuwa mbele yangu, limeshuka. Ndani ya kile kioo kila kitu kilikuwa kikubwa na cheusi. Nyuma ya msamuri, ule mti wa miba, nikaona kitu cha rangi ya udongo kimeinama, na chini yake ukanda mweupe unatikisika. Makalio ya swala ni meupe. Nikavuta pumzi, nikaiachia nusu kama nilivyofundishwa.

Kitu kile kikasimama kikiwa na mikono miwili usoni.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyemfuata mbuzi aliyepotea, ameinama kujitoa mwiba mguuni, na shela yake ya kahawia ilikuwa na pindo jeupe. Darubini ilikuwa imecheza ndani ya ngozi njia nzima. Risasi ikaenda pembeni shubiri moja, ikapiga jiwe, na kipande cha jiwe kikaingia katika jicho lake la kushoto. Msichana huyo ni mama yako.

Nimeweka kalamu chini, nimekunywa maji, nimeichukua tena.

Miaka thelathini na moja nimeigeuza hesabu hii. Kama pete zangu zingekuwa nzuri, mama yako angekufa pale pale, na wewe usingezaliwa. Nimekuambia sasa hivi ununue pete nzuri, na nakuambia tena. Lakini mkono unanisita kila ninapoliandika.

Hamed alitoka mbio nyuma ya gari, maji yanamtiririka viwikoni. "Kuna mtu pale."

"Hakuna," nikasema.

"Nimesikia sauti ya mtu, Mwalimu."

"Ni jiwe."

Nilikuwa nimemwona. Alipotaka kuteremka wadini nilimshika kanzu. Nikamwambia nina kazi ya serikali, swala ni marufuku, nitafukuzwa. Wakati tunashikana tuliwaona wanaume wawili wanamkimbilia, wamemfikia, wamembeba. Hapo Hamed aliingia garini akaliwasha.

Kesho yake mchana babu yako, baba yake mama yako, aliniita nimwandikie karatasi za hospitali ya Nizwa, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Kwa hiyo nilikuwapo, nimekaa karibu na mlango wa majlis yao, baraza la wanaume, kalamu mkononi, Hamed alipoingia. Pikapu yake ilijulikana na kila mtu. Alivua viatu, akailaza bunduki ya babu yake katikati ya mkeka, mbele ya babu yako, akasema, "Risasi ilitoka kwenye gari langu."

"Ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mgeni wangu."

Hakunitazama hata kidogo. Kahawa ikamiminwa, na mimi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *ameumizwa na jiwe*.

Hapa ndipo nilipokosea kwa namna ambayo mtu wa Ibra asingekosea. Kwetu Unguja mtu akikustiri, unanyamaza naye. Kumstiri mtu aliyekustiri ni adabu, na kulifungua alilolifunga ni kumvunjia heshima. Nilijiambia Hamed amelifunga, basi limekwisha. Kwa watu wa huku maana yake ilikuwa nyingine kabisa. Mgeni aliye katika gari la mtu yumo katika uso wa mtu huyo, yaani chini ya dhamana yake, na mwenyeji hawezi kumtaja hata akikatwa shingo. Bunduki ile kwenye mkeka ilikuwa inanisubiri mimi. Mgeni hupewa siku tatu. Ndani ya siku tatu hizo aje mwenyewe, aseme "ni mimi," mwenyeji achukue silaha yake, na watu wakae wazungumze. Siku tatu zikipita, basi mgeni hakuwapo. Hamed akawa ndiye aliyempiga binti wa watu, na juu ya hilo akawa mwongo aliyejificha nyuma ya mgeni wa kubuni.

Niliyajua haya miaka minane baadaye, mzee mmoja alipotueleza habari ya kesi nyingine kabisa. Nilikwishakuwa nimemwoa mama yako, na wewe ulikuwa unatambaa. Nikuambie kwamba kama ningeyajua siku ile ningesimama? Ningependa kukuambia hivyo. Lakini uoga ulikuwapo kabla ya ujinga, Rayya. Ujinga ulinikaribisha tu mahali pa kukaa.

Watu waliacha kununua maji ya Hamed. Alihama, akaenda Samail, na mpaka leo yuko huko, barabara ya Maskati, na kiduka cha matairi. Bunduki yake unaijua. Ni ile iliyotundikwa chini ya nyingine zote katika majlis ya mjomba wako Saif, mdomo umeelekezwa chini. Watoto wa wajomba zako walikuonyesha: "Hiyo ndiyo iliyompiga mama yako." Uliniuliza kama ni kweli. Ulikuwa na miaka mitano. Nikakuambia, kamalizie maziwa yako.

Na siku ya harusi ya Sur, ulipokuwa na miaka saba. Hamed alikuja, akakaa pembezoni, akakupa kipande cha halua, na wewe hukumjua. Ulipoambiwa huyo ndiye "aliyempiga mama yako", jina pekee ulilomjulia, ukaitema mbele ya miguu yake. Watu wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka hapo. Hamed alifuta kiatu chake akasema, "Mwacheni. Binti ana haki." Kisha akanitazama mimi, mara moja. Nikageuka nikaanza kuzungumza na bwana harusi.

Nilipomposa mama yako watu walinisifu. Mwalimu, mtu wa vyeti, kamchukua msichana wa jicho moja. Msikitini walinishika mkono kwa mikono miwili. Sifa zile nilizipokea, na nilikuwa nazila kama chakula. Nilijiambia nalipa kwa siri, na kwamba nitamtunza. Nimemtunza, na baada ya muda usio mrefu nilimpenda, kwa mzaha wake na kwa namna anavyogeuza kichwa chote kukutazama, kwa sababu ya jicho lile. Hilo nililipenda pia. Sijui utalifanya nini neno hilo. Mimi sijajua.

Sasa nirudi jana. Wewe ulikuwa unazungusha picha kwenye simu, mimi nimechukua tonge, na mama yako anakamua ndimu juu ya samaki. Akasema bila kuinua uso, "Usichukue inayocheza mpaka itiliwe ngozi ya kubadhi."

Ukacheka. "Mama, wewe umeijulia wapi habari ya darubini?"

"Nimeishi na mwalimu."

Ukaendelea na swali lako. Mimi sikukusikia tena. Sikuwahi kumwambia mtu habari ya ngozi ile, hata Hamed hakuiona kwa karibu. Tonge lilibaki mkononi mpaka ukaja na mto.

Ulipokwenda kuswali nikamwita mama yako.

"Bi Zuwena, umejua lini?"

"Habari ya kubadhi, mwaka wa kwanza wa ndoa. Nilikuwa natafuta mashuka."

"Na habari yangu?"

Aliendelea kukusanya miiba ya samaki kwenye sahani moja. Unajua Kiswahili chake, alichokiokota jikoni kwa mama yangu alipokuwa akija kututembelea, kifupi kifupi. "Siku ile ile. Kabla ya mlio niliona kitu kinang'aa juu ya gari. Kioo kinapiga jua. Hamed kioo anakitoa wapi? Hamed anapiga kwa macho yake. Nikauliza ndugu zangu, nani hapa Ibra ana bunduki ya kioo? Wakasema hakuna mtu, labda yule Mzinjibari asiyejua kulenga, lakini yeye ni mwalimu, hawezi."

"Nilipokuja kuposa ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukakubali."

"Nilifikiri umekuja kusema. Nikasema moyoni, huyu ana haya, atasema baada ya ndoa. Baadaye nikasema, atasema mtoto akizaliwa. Nilitaka kuona utachukua muda gani." Akanigeuzia kichwa chote. "Umechukua muda mno, Mwalimu."

Nilimwuliza vipi aliweza kumwacha Hamed abebe hilo miaka yote. Nilimwuliza mimi, Rayya. Uone binadamu alivyo.

"Nilimwendea Samail," akasema. "Rayya alikuwa bado ananyonya. Nikamwambia Hamed, mimi najua, niseme? Akaniambia, usiseme. Mgeni hatolewi, mgeni hutoka mwenyewe. Nikamwambia, asipotoka? Akasema, basi nitakuwa nilichagua mgeni vibaya, hiyo ni yangu." Akanyanyua sahani. "Jicho langu nimekusamehe zamani, kwa kuwa ni langu. Lile deni la Hamed si langu kulisamehe. Daktari wa Nizwa kakuambia nini juu ya moyo wako, unakumbuka? Basi."

Akaenda kuosha vyombo. Nilimsikia anaimba.

Miaka thelathini nimekaa katika nyumba hii nikidhani mimi ndiye ninayemtazama yeye kutoka mahali asiponiona. Nimekunywa chai yake, nimeumwa mikononi mwake, na kila siku alikuwa ananiona. Wewe uliyekaa Ras al Jinz ukingoja kasa wapande ufukweni, ulituambia kasa akishtuliwa na mwanga hugeuka na kurudi baharini bila kutaga. Nafikiri mama yako aliogopa hivyo. Hakuniwashia taa. Jana aliiwasha kwa sababu mafuta yanakwisha.

Leo asubuhi, ulipokuwa bado umelala, nilimpigia Saif nikamwambia nataka kufika kwenye majlis yao kesho baada ya sala ya alfajiri, na wazee wawepo. Aliniuliza kuna nini. Nikamwambia, naja kuchukua bunduki ya Hamed. Hakuuliza la pili.

Halafu nikampigia Hamed. Namba alinipa mama yako; alikuwa nayo. Simu ililia muda mrefu.

"Nani?"

"Mwalimu."

Nilisikia tairi linapigwa nyundo, kisha nyundo ikanyamaza.

"Hamed," nikasema, "kesho naja na bunduki yako."

"Bunduki ya nini tena, Mwalimu?" akasema. "Macho yamekwisha. Sasa hata namba za magari nasomewa."

Mtu aliyekuwa akilipasua jiwe jeupe kutoka ng'ambo ya wadi. Kila Idi ya miaka ile macho yake yangali mazuri, na bunduki imetundikwa mdomo chini kwa ajili yangu. Nilifikiri naja kumrudishia kitu.

"Hamed," nikasema, "ni mimi."

"Najua ni wewe. Uliniambia, Mwalimu."

"Ni mimi niliyepiga."

Akashusha pumzi. Niliisikia ikitoka, nusu kwanza, kisha iliyobaki. "Kawaambie wao," akasema. "Halafu ilete. Nitaishika tu."

Kwa hiyo kesho safari yako itaanza mapema kuliko tulivyokuambia. Tutapita kwanza kwa mjomba Saif. Nitailaza darubini hii juu ya mkeka mahali bunduki ilipolazwa, na vipande vyake viwili vya ngozi, na nitasema maneno ambayo nimeyafanyia mazoezi mchana kutwa kwa Kiarabu, lugha ambayo bado huniponyoka nikiogopa. Wakinitupia viatu, usiingilie. Kisha Saif atatufuata nyuma na gari lake mpaka Samail kwa Hamed, kwa sababu karatasi za bunduki ziko kwa jina lake. Mama yako amesema atakaa mbele. Ndege yako ni ya usiku, kwa hiyo saa tunazo.

Nakupa barua hii jioni hii ili upate muda wa kunikasirikia kabla ya asubuhi. Ukitaka kupanda gari jingine kwenda Maskati nitaelewa, na dua yangu itakufuata vile vile. Lakini nakuomba usifanye hivyo kwa sababu moja, ambayo si yangu.

Kabla ya kukata simu Hamed aliniuliza, "Yule binti yenu, ndiye anayesafiri?"

Nikamwambia ndiye, anakwenda nchi ya baridi kufanya kazi ya bunduki.

Akacheka kidogo, kicheko cha zamani, cha nyuma ya gari la maji. "Mwambie asinunue chupa kubwa," akasema. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua, kama bado hupendi halua.

Atakuwa nayo kesho, mwanangu. Ule.

Baba yako